Lori Lililoegeshwa Parokiani ni la Nani?

Mtu wa Tunduma hahitaji kuelezwa lori ni nini. Malori hupanga foleni kuelekea mpakani usiku na mchana, na mji mzima unakula kwa sababu yake: mama lishe, fundi wa matairi, wakala wa forodha, kijana anayebadilisha shilingi kwa kwacha, mlinzi wa maegesho. Oktoba 2019 Marais wa Tanzania na Zambia walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde ili magari yavuke kwa haraka, na hadi leo mazungumzo ya mji huu hayaendi mbali na foleni. Kwa hiyo si rahisi kumshawishi mtu wa hapa kwamba lori linaweza kuwa kumbukumbu. Kwetu lori ni chombo cha kazi. Likichoka linachinjwa, spea zake zinauzwa, na kinachobaki kinawekwa kwenye mizani ya chuma chakavu.

Tunaandika makala hii kwa sababu katika likizo ndefu iliyopita sisi mafrateri wanne tulipangiwa kazi za kichungaji katika parokia moja iliyo kando ya barabara kuu, mkoani Songwe, na huko tulikutana na lori ambalo halikuchinjwa. Paroko alitukabidhi kazi ambayo mwanzoni tuliiona ya ofisini tu: kuandika upya orodha ya mali za parokia. Kanuni ya 1283 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inawataka wasimamizi wawe na orodha sahihi na iliyo wazi ya mali zisizohamishika, na pia ya vitu vinavyohamishika vyenye thamani kubwa au vya urithi wa utamaduni, pamoja na maelezo na makadirio ya thamani yake. Nakala moja hukaa parokiani, nyingine hukaa jimboni. Wahenga walisema jambo hilohilo kwa ufupi: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tulihesabu mabenchi, kalisi, mashine ya kusaga, ng'ombe, masufuria ya WAWATA na mabati yaliyobaki ghalani. Kisha tukafika nyuma ya nyumba ya mapadri, chini ya mkaratusi, lilipokuwa lori la Fiat la zamani. Matairi yake yalikuwa yamezama ardhini hadi karibu na ringi. Kioo kimoja hakikuwapo na kuku walikuwa wametaga ndani ya kebini. Tulimuuliza mhazini tuandike nini. Akajibu, "Andikeni tu lori bovu, moja." Tukamuuliza la nani. Hapo ndipo maneno yalipoanza, na yalichukua likizo yetu yote.

Mpendwa msomaji, ili uelewe kwa nini watu walibishana juu ya chuma hicho, turudi nyuma kidogo. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na wenzake walitangaza uhuru wa Rhodesia ya Kusini peke yao, uhuru wa walowezi wachache juu ya Waafrika walio wengi. Zambia ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru wake, na haina bahari. Mafuta yake na bidhaa zake nyingi zilipita Rhodesia kwa reli, na shaba yake ilitoka kwa njia hiyo hiyo. Desemba ya mwaka ule mafuta yalikatika. Ndege zilianza kubeba mafuta katika mapipa kutoka Dar es Salaam, lakini ndege haziwezi kulisha nchi nzima kwa muda mrefu. Ilibaki barabara yetu hii: Morogoro, Iringa, Mbeya, Vwawa, Tunduma, halafu Nakonde na kuendelea hadi Ukanda wa Shaba.

Wakati huo sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya vumbi. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na ukifika hapa hujafika hata nusu ya safari ya kwenda Lusaka. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, ambayo serikali zote mbili zilikuwa na hisa pamoja na washirika Waitaliano, na malori ya Fiat yenye matela yakajaa barabarani. Yalipanda na mafuta, yakashuka na shaba. Madereva binafsi nao waliingia na magari ya kila aina. Magari yaligongana katika vumbi, yalipinduka milimani na yalikwama kwenye matope. Waliokufa walikuwa wengi kiasi kwamba barabara hiyo iliitwa Njia ya Jehanamu. Bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968 mzigo wa mafuta ulipungua, na barabara ikawekwa lami miaka iliyofuata. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilikabidhiwa rasmi kwa nchi mbili Julai 1976.

Leo tunayo kumbukumbu ya reli na kumbukumbu ya bomba. Stesheni za TAZARA bado zimesimama Vwawa na Tunduma na watoto wa shule wanajua nani alizijenga. Miaka ile iliyotangulia, ambamo jirani alilishwa na mikono ya madereva na mautingo wao, imeacha nini? Imeacha wazee wachache, makaburi ambayo mengine hayana majina, na malori machache yaliyosahaulika nyuma ya nyumba za watu. Lile la parokiani, kwa maneno ya wazee, lilikuwa mojawapo. Lilinunuliwa likiwa limekwisha kutumika na dereva mmoja wa eneo hilo, muumini. Aliliendesha mwenyewe hadi injini iliposhindwa, na katikati ya miaka hiyo lilibeba mawe na mchanga wa kujengea kanisa la parokia. Dereva huyo sasa ni marehemu.

Waliodai lori walikuwa wanne, au tuseme makundi manne.

La kwanza ni parokia yenyewe. Wajumbe wa Halmashauri ya Walei walisema marehemu alilitoa kwa Kanisa. Ushahidi wao ni kwamba limekaa kwenye uwanja wa Kanisa zaidi ya miaka ishirini na hakuna aliyelidai. Kundi la pili ni wazee watatu waliowahi kuwa madereva na utingo wa njia ile. Hawakudai kwamba limenunuliwa kwa fedha yao. Mmoja wao, tuliyemwamkia shikamoo akiwa anaota jua mlangoni kwake, alituambia, "Mafrateri, gari lile si la Padri wala si la marehemu. Ni la wale waliobaki njiani." Kundi la tatu ni mfanyabiashara kutoka mjini anayekusanya magari ya zamani. Aliweka mezani fedha taslimu, kiasi ambacho kingetosha kuezeka kanisa la kigango kimoja ambalo kuta zake zimesimama misimu mitatu ya mvua bila paa. La nne ni familia ya marehemu. Hiyo haikuwa imesema lolote, na haikuwa imeulizwa.

Kulikuwa pia na wanunuzi wa chuma chakavu waliopita kila wiki. Hao hawakudai. Walisubiri tu.

Kwanza tulijiuliza kama ni halali kwa Mkristo kuhangaikia jambo hili. Bwana alituonya tusijiwekee hazina mahali ambapo nondo na kutu huharibu, na hapa kutu ilikuwa inaonekana kwa macho. Paa la kigango lingekinga mama na mtoto wakati wa Misa. Lori lingekinga nani? Swali hilo waamini waliliuliza kwa haki, na mpaka leo wapo wanaoliuliza. Sisi tulijibu hivi: Bwana alionya dhidi ya kujiwekea, yaani kuweka kwa ajili ya nafsi. Kutunza ushahidi wa jasho la watu wengine ni kazi tofauti. Kanisa lenyewe halitupi mifupa ya mashahidi kwa sababu imechakaa. Na Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ya mwanadamu hutangulia mtaji, kwa maana mtu ni zaidi ya kitu anachokitumia. Mtu anayeitazama kazi kwa jicho hilo hawezi kukipima kwa kilo tu chombo ambacho watu walifia.

Lakini kusema "litunzwe" bado si kusema "ni la nani". Vitu vingi vimeoza vikiwa vinatunzwa na wote. Chombo kisicho na mwenyewe anayejulikana kwa jina hakina wa kukifunika turubai mvua inapoanza. Tukaamua kufuata swali la umiliki hadi mwisho.

Tulianza na sheria ya nchi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Lori la miaka ya 1960 haliingii hapo kwa umri wake. Serikali haina wajibu wa moja kwa moja wa kulichukua, na mtu akilikatakata hataulizwa na mtu wa mambo ya kale. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yanaonyesha magari yaliyowabeba viongozi wa nchi, na ni vema. Gari lililobeba mapipa ya mafuta bado linatafuta mahali pake.

Kisha tukafungua sheria ya Kanisa. Hapo Halmashauri ya Walei walifurahi mwanzoni, kwa sababu kanuni ya 1267 inasema kitu anachopewa msimamizi wa parokia hudhaniwa kimepewa parokia yenyewe, isipothibitishwa vinginevyo. Lakini kanuni hiyo inahusu kitu kilichotolewa. Swali letu lilikuwa kama kilitolewa. Hakukuwa na barua, hakukuwa na sahihi, na kadi ya gari ilikuwa bado na jina la marehemu. Wengine wakasema, basi muda umekwisha kulifanya letu. Tukawasomea kanuni ya 198: hakuna mali inayopatikana kwa kupita kwa muda bila nia njema, na nia hiyo lazima iwepo kwa kipindi chote. Ukijua kwamba kitu si chako, kukaa nacho miaka ishirini hakukufanyi uwe mwenyewe. Ni ishirini tu ya kukaa nacho.

Tuliangalia pia wengine wamefanyaje, kwa sababu si Songwe peke yake iliyowahi kugombania vyombo vya usafiri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, nchi tatu zilijikuta na mabehewa, injini, ndege na meli za pamoja. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi mwaka 1984, yaani baada ya miaka saba. Ukienda leo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, utaona injini kubwa ya mvuke iliyoandikwa Mount Gelai. Mlima Gelai uko Tanzania, kaskazini, karibu na Ziwa Natron. Injini yenye jina la mlima wetu inatunzwa Kenya, na hatuoni ubaya, kwa sababu ilifanya kazi katika reli ya Mombasa na Nairobi na imepata watu wanaoijua. Tuliondoka na somo moja: kitu kikae karibu na njia kilipofanyia kazi, na kiwe na taasisi yenye jina inayowajibika.

Somo la pili tulilipata nyumbani. Kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi, kilijulikana na wenyeji kabla ya wageni kuandika habari zake mwaka 1930. Wataalamu walikata kipande kwa ajili ya uchunguzi, lakini mwili wenyewe wa chuma, wenye uzito wa tani nyingi, ulibaki pale pale ulipoanguka. Tukisema ukweli, uzito wake ulisaidia. Kingekuwa chepesi kama lori, pengine leo tungesafiri mbali kwenda kukiona. Chuma kilichotoka mbinguni tumekiwekea uzio na mlinzi, ilhali chuma kilichotoka Italia na kulowa jasho la baba zetu tunakiachia kuku.

Wapo pia waliokwisha kukubaliana namna ya kutunza. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha mwaka 2012 hati iitwayo Hati ya Turin. Msingi wake ni rahisi kueleweka hata gerejini: alama za kazi ni sehemu ya historia ya gari, kwa hiyo usizifute bila sababu. Rangi iliyopauka, bodi iliyonyooshwa kwa nyundo, springi iliyofungwa kwa waya wakati wa safari, vyote vinasimulia. Hapo tukaelewa tofauti yetu na yule mfanyabiashara. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza kwa heshima, alijua aina ya injini kwa kusikiliza maelezo tu, na gari angelikinga kuliko sisi. Lakini alisema wazi kwamba atalipaka rangi mpya na kulipeleka mjini kwenye ukumbi wake. Na tulipomuuliza baada yake litakuwa la nani, alicheka akasema, "Watoto wangu wataamua." Jibu la kweli kabisa. Mtu binafsi hufa, na watoto wake wana shida zao.

Kwa upande huo parokia ina nguvu ambayo mtu mmoja hana. Kanuni ya 515 inaipa parokia iliyoundwa kihalali hadhi ya kuwa nafsi ya kisheria, na kanuni ya 120 inasema nafsi ya namna hiyo kwa asili yake ni ya kudumu. Haikomi mpaka ifutwe na mamlaka halali au ikae miaka 100 bila kutenda lolote. Mapadri huhama, maaskofu hubadilika, lakini parokia hubaki. Isitoshe, kitu kikitolewa kwa lengo maalumu, hakiruhusiwi kutumika kwa lengo jingine. Kwa hiyo tulikuwa tayari kuandika pendekezo zuri: lori libaki la parokia, likiwa chini ya kamati yenye wazee wa barabara ndani yake. Lilionekana limekamilika. Lilikosa kitu kimoja tu, nalo ni neno la mwenye mali.

Paroko alitukumbusha hilo kabla hatujaandika, akatutuma kwa mjane wa marehemu. Anaishi kilomita chache kutoka parokiani, analima kahawa kidogo na mahindi, na analea wajukuu watatu. Alitukaribisha kwa chai na viazi, akatuuliza habari za seminari na za wazazi wetu, kila mmoja kwa zamu. Tulipomweleza tulichokuja nacho alinyamaza kidogo. Kisha akasema:

"Wanangu, mume wangu hakulitoa lile gari. Injini ilikufa pale alipokuwa anashusha mawe. Akamwomba Padri wa wakati ule aliache hapo mpaka apate fedha ya fundi. Fedha haikupatikana. Baadaye yeye naye akaondoka. Mimi ningelivuta kwa nini, na nilipeleke wapi?"

Tukamuuliza kwa nini hakuwahi kulidai. Akajibu kwamba kila mwaka katika sikukuu ya parokia alisikia likitajwa kama zawadi ya mume wake, na watu walimpigia makofi marehemu. "Nani angesimama kanisani kuwaambia watu wasimpigie makofi mume wangu?"

Aliongeza neno ambalo lilibadilisha kazi yetu yote. Mwaka ule mjukuu wake mkubwa alifaulu kwenda sekondari ya bweni, na alikuwa bado hajapata fedha za godoro, sanduku na sare. Nyuma ya nyumba ya mapadri lilikaa gari lake ambalo tajiri wa mjini alikuwa tayari kulilipia, na sisi tulikuwa tumekuja kumwomba alitoe bure kwa ajili ya kumbukumbu.

Katika Injili yule mjane aliyetia senti zake mbili hekaluni alizitoa kwa hiari yake. Hakuna aliyemfuata nyumbani kumwambia ni vema atoe. Na katika sura hiyo hiyo Bwana anawakemea wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Tulirudi kwa miguu, na njia nzima hatukuzungumza mengi.

Taarifa tuliyoandika kwa Baraza la Uchumi la Parokia ilianza na sentensi hii: "Lori hili si mali ya parokia." Katika orodha tuliliweka chini ya kichwa kipya, mali za watu wengine zilizo chini ya ulinzi wetu, tukaandika namba ya chasisi, namba ya injini, hali ya kila tairi na jina la mwenye mali. Halafu tulitoa mapendekezo matatu. Kwanza, mjane aambiwe rasmi na mbele ya mashahidi kwamba gari ni la familia yake, na kwamba yuko huru kuliuza kwa amtakaye, akiwemo yule mfanyabiashara. Pili, kama parokia inaamini kweli kwamba gari hilo ni kumbukumbu, basi ilinunue kwa bei halisi, wala isitumie sadaka ya paa la kigango, bali mchango wa hiari wa wanaoguswa na jambo hili. Tatu, likinunuliwa, lengo liandikwe kwenye mkataba: lisiuzwe, lisichinjwe, lisipakwe rangi, na parokia ikishindwa kulitunza, familia ipewe nafasi ya kwanza kulichukua, kisha mamlaka za mkoa.

Kikao kilikuwa kirefu. Mjumbe mmoja alisema tumeidhalilisha parokia kwa kutangaza kwamba imekuwa ikijivunia zawadi isiyokuwepo. Mwingine akamjibu kwamba aibu ya siku moja ni afadhali kuliko ya kudumu. Paroko aliwasikiliza wote, kisha akasema kitu kifupi: marehemu alibeba mawe ya kanisa hili bila kudai malipo, hiyo ndiyo zawadi yake, na hiyo inatosha kupigiwa makofi. Pendekezo likapita.

Mjane hakuamua siku hiyo. Aliomba wiki mbili, akazungumza na watoto wake walioko Mbeya na Kitwe. Mwishowe alikubali kuiuzia parokia kwa bei iliyo chini kidogo ya ile ya mfanyabiashara, kwa awamu, na kwa masharti yake mwenyewe: kila awamu ilipwe kabla shule hazijafunguliwa Januari, na jina la mume wake lililoandikwa kwa mkono kwenye mlango wa kebini lisiguswe. Madereva wa sasa, wale tunaowaona kwenye foleni ya mpaka, walichangia zaidi ya tulivyotarajia. Wengi wao si Wakatoliki. Mmoja alituambia anatoa kwa sababu babu yake aliondoka na mzigo wa mapipa akarudi bila mguu. Awamu ya kwanza imelipwa, na mtoto yuko shuleni na godoro lake.

Wazee watatu walisimamia kazi ya kulinyanyua. Matairi yalitolewa ardhini, ekseli zikawekwa juu ya magogo ili uzito usikae kwenye mpira, mafuta ya zamani yakamwagwa kwa uangalifu, na kibanda cha mabati yaliyotumika kikajengwa juu yake, wazi pande mbili ili unyevu usikae. Kuku walihamishwa. Mmoja wa wazee aliketi karibu na vijana wa Jumuiya akawaeleza jinsi walivyokuwa wakizima taa na kusikiliza mlio wa gari jingine katika vumbi. Vijana waliandika. Kwetu sisi daftari hilo lina thamani sawa na gari lenyewe, kwa sababu wazee hatuwezi kuwawekea magogo chini.

Kigango bado hakina paa. Hatutaki kuficha hilo. Fedha ya mfanyabiashara ingeweza kuliezeka, kama gari lingekuwa letu la kuuza. Halikuwa letu. Waamini wa kigango wanajua sasa kwamba paa lao lilikuwa karibu kujengwa kwa mali ya mjane ambaye hakuulizwa, na baadhi yao walisema wenyewe kwamba wasingependa kusali chini yake. Wengine bado wananung'unika, na kila Jumapili ya mvua wana sababu.

Tukirudi seminarini tulimsimulia mwalimu wetu wa sheria za Kanisa. Alituuliza swali moja tu, ambalo tunaliacha kwa wenzetu mnaosoma makala hii na kwa nyinyi waamini wa parokia nyingine: katika uwanja wa parokia yenu, ghalani, chini ya mti, au katika maneno yanayorudiwa kila sikukuu, kuna kitu gani ambacho kila mtu anasema kilitolewa, na aliyekitoa hajawahi kuulizwa? Chukueni daftari mkamuulize angali hai.